Olivia Pope Ahamia Magomeni

Kabla Olivia Pope hajaingia, nyumba yetu ilikuwa na rangi. Mapazia ya zambarau, makochi yenye vitambaa vya kufuma vya kijani na njano, na kabati la Mama Watoto ambalo ukilifungua lilikupigia kelele: madera ya maua, vitenge vya shughuli za kila ukoo, sare za kitchen party za watu ambao ndoa zao zimeshavunjika lakini gauni bado zima. Halafu jirani akamwazima flashi.

Ndani ya flashi mlikuwa na Scandal, misimu yote 7. Marekani tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Aprili 2012 ikamalizika Aprili 2018, wakati sisi hata jina lake hatujalisikia. Mambo ya Washington hufika Magomeni kwa wakati wake. Mtunzi ni Shonda Rhimes, na anayecheza Olivia ni Kerry Washington. Olivia ana ofisi yake ya kuwaondolea wakubwa aibu. Seneta akifumaniwa, jaji akiwa na siri, mtoto wa tajiri akiamka na maiti kitandani, anapigiwa simu yeye, na asubuhi mambo yanakuwa kimya.

Bibi, ambaye ni mama yangu mzazi lakini nyumba nzima inamwita hivyo, hajui Kiingereza. Kwa hiyo Mama Watoto alikuwa anamfasiria papo kwa papo, mtindo wa vibanda vya video.

"Mkwe wangu, huyu binti anafanya kazi gani hasa?"

"Anasafisha uchafu wa wakubwa, Mama."

Bibi akamtazama Olivia anavyoshuka garini, koti jeupe, suruali ya bwanga nyeupe, glavu nyeupe. "Uchafu," akasema. "Na nguo hizo?"

Mama Watoto hakujibu, alikuwa ameshazama. Olivia akirudi nyumbani usiku huketi kwenye kochi la rangi nyepesi, kavaa sweta la rangi ya maziwa, mkono mmoja bakuli la bisi, mkono wa pili bilauri ndefu yenye mvinyo mwekundu imejaa karibu na ukingo. Kila bilauri ilipoinuliwa Bibi alitaja jina la Mungu. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya pombe. Baadaye nikagundua alikuwa analionea huruma kochi.

Nieleze kwa nini mke wangu alinaswa, maana si mwanamke wa kunaswa na kila kitu. Tangu Get Christie Love! ya mwaka 1974, mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani ilikaa karibu miaka 40 bila kumweka mwanamke mweusi kuwa mhusika mkuu wa tamthilia nzito. Sasa huyu hapa, anaingia Ikulu yao bila kubisha hodi, wanaume wanasimama. Na hakujipamba. Hilo ndilo lililommaliza Mama Watoto. Hakuna mkufu wa kufika kifuani, hakuna kope za kubandika zinazopepea, hakuna mng'aro. Koti limetua begani, basi.

"Unaona, Baba Watoto?" aliniambia. "Kavaa tu."

Neno hilo "kavaa tu" likawa dini. Shughuli zetu za Dar es Salaam mnazijua: kamati inakaa, rangi inatangazwa, kitambaa kinauzwa na mweka hazina kwa bei ambayo mweka hazina peke yake anaielewa, na siku ya siku wanawake mia wanashuka ukumbini wakiwa wamevaa kitambaa kimoja chenye mishono mia, kila mshono unagombana na mwenzake. Mama Watoto alikuwa bingwa wa michezo hiyo. Sasa akatangaza kustaafu. Send-off ya binti wa dada yake ilikuwa inakaribia, rangi za kamati zilikuwa machungwa na bluu ya bahari, na yeye alilipa mchango wake wote, akachukua kitambaa, akakitia kabatini. Atakwenda kavaa tu.

Wiki iliyofuata nyumba ilianza kupauka. Mapazia ya zambarau yalishuka, yakapanda ya rangi ya pembe za ndovu. Makochi yakavishwa meupe. Watoto wakapigwa marufuku kula embe popote penye paa. Mimi nilipangiwa kiti changu cha plastiki karibu na mlango, kwa sababu suruali zangu, nilielezwa, zina historia. Dada wa kazi alipewa sabuni mpya na maelekezo marefu. Alisikiliza yote, kisha akauliza maji ya mgao yanakuja lini, na hapo kikao kikavunjika.

Nisimdhulumu Olivia, hata hivyo. Aliyemvalisha ni mbunifu wa mavazi anayeitwa Lyn Paolo, mzaliwa wa Uingereza, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewavalisha madaktari wa ER na wanasiasa wa The West Wing. Weupe ule, na rangi ya maziwa, na kijivu cha majivu, aliuchagua makusudi, ili mwanamke anayezungukwa na tope aonekane halijamgusa. Na makoti yale ya bei ya kiwanja hayakutoka dukani yakapanda mwilini. Yalipita kwa mafundi kwanza, yakabanwa, yakafupishwa, yakanyooshwa mpaka yakafuata mwili. Katika fani hiyo, vazi linalobeba tukio zito hununuliwa zaidi ya moja, moja likichafuka lingine linaning'inia tayari. Kuna watu wanalipwa mshahara kusimama pembeni ya kamera na brashi ya kuondoa nyuzi. Kile kitendo cha "kuvaa tu" kina idara nzima nyuma yake, yenye mkuu wa idara.

Mwaka 2014 Lyn Paolo na wenzake walitoa nguo za mtindo wa Olivia kwa bei ya wafanyakazi wa kawaida kupitia maduka ya The Limited. Januari 2017 maduka hayo yalifunga milango yote. Sisi tulikuwa na soko la Karume.

Karume kwa mitumba unakwenda alfajiri, belo linapofunguliwa. Ukichelewa unakuta waliowahi wameshachagua, umebakiziwa wewe masweta ya shule za Ulaya yenye majina ya watoto kolani. Mama Watoto aliwahi. Aliporudi alikuwa amekumbatia mfuko, hasemi na mtu, mpaka alipofika chumbani akalitoa: koti la sufu, rangi ya maziwa, refu kupita goti, kola pana, bitana ya kuteleza. Muuzaji alianza na elfu sitini, akashuka mpaka thelathini na tano, akiapa kwamba anamwuzia kwa hasara kwa sababu amemkumbusha mama yake mdogo.

Joto la Dar miezi ile ya kiangazi hupanda hadi nyuzi 32 na unyevu juu yake. Nililigusa koti lile nikahisi jasho. Nilitaka kuuliza swali moja dogo kuhusu hali ya hewa, nikautazama uso wake, nikasifia kola.

Fundi cherehani wetu ana banda chini ya mwarobaini, mashine ya miguu, na mdomo. Aliligeuza koti ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akaguna kwa heshima.

"Shemeji, hili limeshonwa na mtu aliyejua. Unataka nini?"

"Nataka lionekane limenikaa lenyewe."

"Lenyewe," fundi akarudia. Akatoa chaki. "Hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote. Ungetaka marinda na mabawa ningekumalizia leo."

Alilichukua akalifumua mabega, akatoa sponji za ndani, akavuta kiuno, akapandisha pindo, na suruali ya bwanga ya kitambaa cheupe, aliyoishona iendane nalo, akaishona upya alipoona imekunjamana mahali ambapo mimi sikuona kitu. Mama Watoto alikuwa anakwenda kupima kila alipopata nafasi. Siku alipolichukua alisimama mbele ya kioo cha kabati, mikono mfukoni, kidevu juu, na lazima niseme ukweli: Washington ingesimama.

Hapo ndipo Shangazi akashuka na boti kutoka Unguja.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na mwanamke huyo hajawahi kuingia nyumba ya mtu akakaa. Siku ya kwanza alipanga upya jiko. Usiku wake aliketishwa mbele ya televisheni, tukiwa msimu wa tatu mara ya pili, akatazama kimya kwa dakika kumi, jambo ambalo lilitutisha. Kisha akasema, "Huyu ana mimba."

"Hana, Shangazi," Mama Watoto akamwambia. "Kwenye hadithi hana mimba."

"Sijasema hadithi. Nasema huyu. Tangu nimekaa hapa kabeba pochi mbele ya tumbo. Ameingia chumbani na pochi, amegombana na mwanamume na pochi, amekaa mezani na pochi. Hakuna mwanamke anayegombana na pochi mkononi."

Na alikuwa sahihi. Kerry Washington alikuwa mjamzito kweli wakati wa kurekodi msimu ule, ukafupishwa hadi vipindi 18, na makoti, mikoba na meza zikapewa kazi ya kulificha tumbo lisilokuwamo kwenye hadithi. Dunia nzima ilihitaji magazeti kuambiwa. Shangazi alihitaji dakika kumi na kikombe cha kahawa.

Alhamisi kabla ya send-off, Shangazi akaamua kwamba familia hii imekondeshwa na vyakula vyeupe na akapika urojo. Urojo wa kweli: bajia, viazi, katlesi, chatini ya nazi, na lile rojo lenyewe la unga, embe mbichi na manjano, linang'aa sufuriani. Mama Watoto alikuwa chumbani analijaribu koti kwa mara ya mwisho. Shangazi, kwa mapenzi tu, akaona mkwe asile cha baridi. Akamfuata na bakuli.

Nini hasa kilitokea mlangoni hakijulikani hadi leo. Shangazi anasema mlango ulifunguliwa. Mama Watoto anasema mlango ulikuwa wazi. Mtoto wa pili anasema yeye hakuwepo, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kilichoonekana ni doa la manjano upana wa sahani ya chai, upande wa kulia, chini kidogo ya kifua, linateremka.

Ukelele ulivuta majirani watatu. Kila aliyeingia alikuja na tiba. Chumvi. Unga wa ngano. Magadi. Maziwa ya mgando. Jirani mwenye flashi, aliyekuwa chanzo cha yote, alishauri kipande cha barafu, halafu akaulizwa anacho, hana. Mama Watoto hakusubiri. Alichukua sabuni ya mche akasugua.

Doa likawa jekundu.

Kwa waliokuwepo ilikuwa ni damu. Shangazi alikaa chini. Jirani mmoja akaanza kusoma dua. Sasa, kinachofanya manjano iwe manjano ni kitu kiitwacho kurukumini, na kina tabia hiyo: kikikutana na sabuni au magadi hugeuka chekundu cha kahawia, kikikutana na uchachu hurudi njano. Dada wa kazi, ambaye hajasikia jina hilo lakini amefua nguo za wapishi wa pilau tangu usichana wake, akaenda jikoni kimyakimya, akarudi na ndimu, akakamua. Wekundu ukafifia, manjano yakarejea mbele ya macho yetu. Watu wakashangilia, kisha wakakumbuka kwamba manjano ndiyo iliyokuwa shida.

Koti likatundikwa bafuni, Mama Watoto akalala na kitambaa usoni. Nyumba ikanyamaza. Aliyekuwa hajalala ni Shangazi, na hatia yake, na chupa ya jiki.

Kwa Shangazi jiki ni dawa. Imeng'arisha mashuka yake, sakafu yake, vikombe vyake, sare za shule za watoto watano. Lakini vyote hivyo ni pamba au udongo. Sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni protini kama kucha zilivyo. Jiki haizing'arishi, inazila. Shangazi alikuwa na akili ya kutosha kujaribu kwanza mahali pasipoonekana sana. Alichagua mikono ya koti. Aliitumbukiza yote miwili kwenye beseni, jiki bila kuichanganya na maji mengi, maana kazi ilikuwa nzito, akaswali, akalala.

Alfajiri ya Ijumaa alilinyanyua koti. Mikono ilikuja nusu. Nusu ya pili ilibaki beseni, imekuwa uji.

Sitaeleza saa moja iliyofuata. Niseme tu kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia Shangazi akiomba radhi, na kwamba Mama Watoto, kwa adabu aliyofunzwa kwao, alimjibu "Si neno, Shangazi" kwa sauti ambayo ilinifanya nitoke nje nikaangalie kuku. Hatufugi kuku.

Aliyebaki kimya muda wote ni Bibi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na hili ndilo linalonishangaza mimi. Ndani ya nyumba hii alikuwa anaishi mtu aliyeifanya kazi ya Lyn Paolo miaka arobaini bila kutajwa mahali popote. Marehemu baba alikuwa mtu wa kanzu. Ijumaa alitoka na kanzu nyeupe inayotoa mwanga, darizi kifuani imelala sawa, anatembea polepole vumbi la Magomeni likimpisha, na wazee wenzake barazani walikuwa wanasema, yule bwana nguo zinampenda. Nguo hazikumpenda. Alhamisi Bibi alikuwa ameifua mara mbili, akaitia buluu kidogo ili weupe usipige njano, akaitia wanga wa muhogo alioupika mwenyewe na kuuchuja kwa kanga, akaianika, akaitoa ikiwa na unyevu kidogo bado, akainyoosha kwa pasi ya mkaa huku akipuliza majivu yasidondoke. Baba alivaa tu.

Bibi akaomba aletewe koti. Akalinusa. Akaagiza lisuuzwe kwa maji ya baridi, kwa kushindilia na si kusugua, sufu ikisuguliwa inajikunja na kuwa blanketi. Kisha likatandazwa juani juu ya mkeka, doa likitazama juu, yeye amekaa pembeni na fimbo kwa ajili ya kunguru.

"Manjano inaogopa jua," akasema. "Shuka zangu zote za uzazi nilizitoa manjano hivyo hivyo."

Ni kweli, mwanga wa jua unaivunja rangi ile. Kufikia alasiri doa lilikuwa kivuli. Kufikia magharibi ulihitaji kuonyeshwa lilipokuwa. Mikono, hata hivyo, jua haliwezi kuirudisha.

Fundi aliletwa usiku, umeme umekatika, mashine yake ya miguu imebebwa kwenye toroli. Alikagua mabaki kwa mwanga wa simu yangu, ambayo niliishika mpaka bega likafa ganzi. Hiyo ndiyo nafasi yangu katika historia hii. Alipima, akapima tena, akaikata mikono begani kabisa. Bitana ya mikono akaitumia kuzungushia ukingo wa makwapa. Kitambaa kizima kilichobaki akakitoa mkanda mwembamba wa kiuno. Dada wa kazi alishona vifungo, Shangazi alitia uzi kwenye sindano bila kutoa oni, Bibi alipiga pasi kwa juu ya kitambaa chenye unyevu. Tulilala muadhini akijiandaa.

Jumamosi jioni wanawake wa machungwa na bluu ya bahari waliteremka ukumbini, jasho likifuatilia mishono. Viyoyozi vya ukumbi vilikuwa viwili, kimoja kizima. Kisha akaingia Mama Watoto: koti refu lisilo na mikono, mabega wazi, upepo unapita, suruali nyeupe inamfuata nyuma, mkononi pochi ndogo na hakuna zaidi. Nilimwona mshereheshaji anapoteza sentensi. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amejiandaa kumtoza faini ya kukataa sare, alimzunguka mzima akarudi mbele.

"Mama Watoto! Umeshonesha wapi hili? Na hivyo umekata mikono, nani alikupa wazo?"

Mke wangu akatia mkono mfukoni. "Ah, hili? Nimelikuta kabatini, nikavaa tu."

Nyuma yake Shangazi alikohoa mpaka akaletewa maji.

Tangu hapo fundi amepata makoti mengi ya Karume ya kukatwa mikono. Ameandika kwa chaki kwenye ubao wa banda, "Koti la Olivia, bei maelewano." Mikono anabaki nayo, nasikia anatengeneza kofia za watoto wachanga. Shangazi amerudi Unguja na mapazia ya zambarau, ambayo alisema ni dhambi kuyaacha.

Jirani naye ameleta flashi nyingine. Safari hii ni Succession, matajiri wa New York wanaogombania kampuni ya baba yao, na wamevaa vitu visivyo na nembo wala rangi vinavyouzwa kwa bei ya bajaji. Mama Watoto alieleza kuwa wale ndio wamevaa tu kuliko hata Olivia, na kwamba sweta zao ni za kashmiri, sufu laini sana inayotoka kwa mbuzi.

Bibi akataka kujua ni mbuzi wa wapi na nyama yao ikoje. Dada wa kazi, aliyekuwa anamenya vitunguu saumu pembeni, alishusha kisu.

"Samahani, Mama. Na hiyo ya mbuzi, inafuliwaje?"